Kiwanda kimehamia Mexico, mimi nimebaki na barua: yaliyonikuta kwenye mpango wa TAA (uzi mrefu)

#1 Zamu ya Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia picha ya barua aliyopewa kazini. Kiwanda chao kinafungwa, mashine zinapelekwa nje ya nchi. Chini ya picha akaandika: "Kaka, ule mpango uliokusomesha wewe unaombwa wapi?" Nilikaa na simu mkononi nikakosa la kumwambia, kwa sababu mlango ule ulifungwa kwa waombaji wapya tarehe 1 Julai 2022. Nikaona nisimjibu peke yake, nishushe uzi, maana humu tuko wengi tunaokula kwa jasho la viwanda vya Marekani na habari hizi tunazipata tukiwa tumeshachelewa.

Mimi nilipunguzwa Mei 2017, Ohio, baada ya miaka 9 kwenye laini ya kuunganisha vipuri vya breki. Kampuni siitaji. Notisi ilikuja Machi, kwa sababu sheria ya WARN ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe taarifa siku 60 kabla ya kufunga. Tulipewa 60, hawakuongeza hata moja. Ndani ya siku hizo walikuja mafundi watatu kutoka Mexico kujifunza mashine zetu, na sisi ndio tuliopangiwa kuwafundisha. Mmoja wao alikuwa anakula peke yake, hakuna aliyetaka kukaa meza yake. Siku ya nne nikaenda kukaa naye. Akanionyesha picha ya binti yake. Sikuwa na ugomvi naye, na yeye alikuwa amepangiwa tu.

Sasa TAA yenyewe. Jina lake kamili ni Trade Adjustment Assistance, msaada wa serikali kuu kwa mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu bidhaa za nje zimemiminika sokoni au mwajiri amehamisha uzalishaji. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba msaada huu haukuja wenyewe. Kuna mtu alipaswa kuuombea kundi zima: wafanyakazi watatu wakisaini pamoja, au chama cha wafanyakazi, au mwajiri mwenyewe, au ofisi ya ajira ya jimbo. Ombi lilikwenda Wizara ya Kazi, nakala kwa gavana, na Wizara ilipewa siku 40 kuchunguza.

Kwetu hakukuwa na chama. Mwajiri kimya. Wawili tulipatana haraka, mimi na rafiki yangu wa idara ya rangi. Wa tatu ndiye aliyetutesa. Ulienea uvumi kwamba atakayesaini atakosa kiinua mgongo. Haikuwa kweli, lakini watu wana mikopo ya nyumba, nani ajaribu? Mwishowe alisaini mama mmoja wa ukaguzi wa ubora aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alisema, "Mimi wataninyima nini?" Fomu tuliijaza juu ya boneti ya gari langu saa kumi na mbili asubuhi, tukitoka zamu.

Wiki ya saba tukapata barua ya kukubaliwa. Saini zile tatu ziliwafungulia mlango watu zaidi ya 200, kwa sababu kibali kilimhusu kila aliyepunguzwa kuanzia mwaka mmoja kabla ya tarehe ya ombi hadi miaka miwili baada ya kibali. Wengi mpaka leo hawajui nani alisaini.

Nilichopata mimi: ada ya chuo cha jamii kwa miaka miwili, ufundi wa matengenezo ya mitambo ya viwandani, pamoja na vitabu na zana. Mafao ya kawaida ya kukosa kazi yalipoisha baada ya wiki 26, iliingia posho ya TAA kwa kiwango kilekile cha wiki. Ukijumlisha vipindi vyote, mtu aliyekuwa masomoni muda wote angeweza kufika wiki 130. Miaka miwili na nusu. Kila wiki nilipeleka fomu ya mahudhurio iliyosainiwa na mwalimu. Kulikuwa pia na nafuu ya kodi iliyobeba asilimia 72.5 ya gharama ya bima ya afya, na hii kwa mwenye watoto si jambo dogo. Ukitafuta kazi mbali, ulirudishiwa asilimia 90 ya nauli na malazi hadi dola 1,250.

Mwezi wa kwanza darasani nilikaa na watoto wa miaka 19. Hesabu za sehemu zilinitoa jasho. Sitaki kuongelea mtihani wa kwanza.

Lakini nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya rafiki yangu, yule wa rangi, aliyesaini pamoja nami. Yeye hakupata posho hata senti moja. Ana watoto watatu, akaona kukaa darasani ni anasa, akaingia ghala moja la mizigo mwezi wa saba. Sheria ilitaka ujiandikishe kwenye mafunzo ndani ya wiki 26 tangu kibali kutoka au tangu uachishwe kazi, ile ya baadaye kati ya hizo mbili. Msamaha ulikuwepo kwa sababu tatu tu: ugonjwa, mafunzo hayapo, au nafasi za kujiunga hazijafunguliwa. "Nilikuwa kazini nalisha watoto" haikuwamo. Ghala likampunguza Februari. Akaenda ofisini, wakamwambia ada bado italipwa, ila posho tarehe imepita. Mtu mwenye watoto watatu atafanya nini na ada isiyo na chakula? Fomu aliisaini kwenye boneti ya gari langu, na hakuna aliyefaidika kidogo kuliko yeye.

Mwenye swali aulize. Niko zamu ya mchana siku hizi, jioni nitajibu.

#2 Kipanga wa Laini

Siti ya mbele. Mkuu umeandika gazeti ila nimelisoma lote.

Swali langu: sisi tuliokuwa pale kwa mgongo wa wakala? Mimi nilifanya miaka mitatu ndani ya kiwanda kimoja, kofia yao, buti zao, ila hundi ya mshahara inatoka kwa wakala. Walipofunga, wenzetu waliitwa kikao ukumbini. Sisi tulipigiwa simu tukaambiwa kesho usije.

#3 Zamu ya Tatu

Kipanga, hapo umegusa kidonda. Kwenye vibali vingi Wizara iliweka mstari unaowataja wafanyakazi wa mawakala waliokuwa wakifanya kazi palepale kiwandani. Maana yake mlikuwa na haki sawa na wenye kadi ya kampuni. Tatizo ni barua: ofisi ya jimbo iliandikia watu kwa orodha iliyopewa na mwajiri, na jina lako lilikuwa kwenye daftari la wakala. Kwetu watu wa wakala walikuwa kama 30, na ninaowajua waliopata habari ni wanne, wote tuliwaambia sisi kwa mdomo.

Uamuzi wote wa Wizara uliwekwa wazi kwenye tovuti yao, unatafuta kwa jina la kampuni na mji. Kama kiwanda chenu kilifungwa kabla ya Julai 2022, kaangalie. Aliyekuwa ndani ya kibali cha zamani hakufukuzwa mpango ulipositishwa. Usitegemee posho, wiki zile 26 zimekwisha kitambo, lakini jua kama ulikuwemo.

#4 Kipanga wa Laini

Nimeangalia. Nilikuwemo. Jina la wakala limeandikwa kabisa.

Basi.

#5 Dada Daftari

Pole Kipanga. Poleni wote.

Naomba niongeze historia kidogo, maana bila hiyo mtu anadhani zile tarehe na masharti ni ukatili wa makarani. Mimi nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kituo cha ajira cha jimbo, dirisha lile mnalolijua.

Wazo la mpango huu lilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1954 David McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa chuma, alilipeleka mbele ya tume iliyokuwa inapitia sera ya biashara ya nje. Rais Kennedy akaliingiza kwenye sheria ya kupanua biashara ya mwaka 1962. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa zima linafaidika na ushuru mdogo, basi wachache wanaoumia wasiachiwe mzigo wote. Hoja nzuri. Sasa sikilizeni: tangu 1962 mpaka karibu mwisho wa 1969 hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Sheria ilitaka uthibitishe kwamba punguzo la ushuru ndilo lililosababisha bidhaa za nje kuingia, na kwamba bidhaa hizo ndizo zilizokufukuzisha kazi. Nani ataweza kuufunga mnyororo huo akiwa na barua ya kuachishwa tu mkononi?

Mwaka 1974 masharti yakalegezwa. Mwaka 1980 magari ya nje yakawapiga wafanyakazi wa Detroit, malipo yakafika takribani dola bilioni 1.6 mwaka huo mmoja. Mwaka uliofuata utawala wa Reagan ukakata, posho ikashushwa hadi kiwango cha mafao ya kawaida na mkazo ukahamia kwenye mafunzo. Kuanzia hapo mpango ukawa wa shule. Ukiuliza kwa nini rafiki wa Zamu ya Tatu aliambiwa "darasani au hakuna", mzizi wake uko 1981.

Kilichokuwa kinaniuma pale dirishani ni kitu kingine. Mtu anakuja amepoteza kazi ya miaka 20, na sheria haimuulizi amepoteza nini. Inauliza kazi imekwenda wapi. Kwa masharti ya 2002, kiwanda kikihamia nchi yenye mkataba wa biashara huria na Marekani, kama Mexico, umepita. Kikihamia nchi iliyo kwenye orodha ya upendeleo wa Karibi, au ya Andes, au AGOA (ndiyo, AGOA hiihii ya kwetu Afrika, ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru), umepita. Kikihamia China, ambayo haina mkataba wa namna hiyo, ilibidi kwanza ionekane kwamba bidhaa hizo zinarudi Marekani kwa wingi, au zitarudi. Mashine ileile, mshahara uleule, foleni ileile ya mkate. Tofauti ni bendera iliyo kwenye meli.

Mwaka 2009 kasoro hiyo ilifutwa, ikawa nchi yoyote, na watu wa huduma kama wapokea simu wakaingizwa. Julai 2021 masharti ya 2002 yakarudi, wapokea simu wakatolewa tena. Mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kabisa.

Na jambo la pembeni kwa wapenda mambo haya: sheria ya Juni 2015 iliyoiongezea AGOA miaka 10 ndiyo hiyohiyo iliyoiongezea TAA uhai. Zilipanda basi moja.

#6 Mbishi Mtaratibu

Nimesoma kwa makini, naomba nipingane kidogo bila matusi.

Kwanza, vyama vya wafanyakazi vyenyewe viliwahi kuuita mpango huu bima ya mazishi. Serikali inasaini mkataba, kiwanda kinakufa, halafu inakuja na sanda. Kwa nini tuulilie?

Pili, kwa nini aliyefukuzwa na Mexico asomeshwe miaka miwili na aliyefukuzwa na roboti aambiwe pole? Dada Daftari amelisema mwenyewe. Mimi nimepoteza kazi mara mbili, zote kwa mashine mpya, na sikupewa hata kalamu.

Tatu, hayo mafunzo yanafanya kazi kweli? Namfahamu mtu alisomea uhasibu kwa hela za TAA na sasa anaendesha foklifti.

#7 Zamu ya Tatu

Mbishi, la roboti nakupa mia kwa mia. Kwetu mwaka 2014 waliingiza mashine ya kuchomelea inayojiendesha, wakatoka watu 11. Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu. Mimi 2017 nikapata shule na posho, yeye alipata mafao ya kawaida na kukaa kibarazani. Tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi mimi nikiwa na begi la shule. Hakuwahi kuniuliza kitu, na mimi sikuwahi kumweleza. Ningemwelezaje?

La bima ya mazishi nalo ni kweli, ila mkuu, aliyefiwa anahitaji sanda hata kama unamjua aliyeua.

La tatu namwachia Dada Daftari.

#8 Dada Daftari

La tatu lina majibu mawili na yote mawili ni ya kweli, ndiyo maana watu wanarushiana.

Tathmini kubwa iliyofanywa kwa ajili ya Wizara ya Kazi na kutoka mwaka 2012 iliwalinganisha waliotumia TAA na watu wa kufanana nao waliochukua mafao ya kawaida tu. Miaka minne baadaye, wa TAA walikuwa wanapata kipato cha chini kuliko wenzao. Magazeti yakaishangilia: mpango umefeli. Lakini fikirieni, aliyekaa darasani miaka miwili ameanza mbio wakati mwenzake yuko mzunguko wa pili.

Halafu mwaka 2018 mchumi Benjamin Hyman akaja na njia ya ujanja. Aligundua kwamba wachunguzi wa maombi pale Wizarani hawafanani, wengine wepesi kukubali, wengine wagumu, na ombi linaangukia kwa nani ni kama bahati nasibu. Akawalinganisha waliobahatika na waliokosa. Miaka 10 baadaye, waliokubaliwa walikuwa wamejikusanyia karibu dola 50,000 zaidi kwa jumla. Faida ya kila mwaka ilififia ndani ya miaka hiyohiyo, kwa sababu ujuzi nao unazeeka, lakini ilikuwepo.

Kwa hiyo uhasibu na foklifti inawezekana, Mbishi. Pale dirishani niliona watu wakisukumwa kwenye kozi yoyote iliyokuwa na nafasi kabla ya wiki 26 kuisha. Unaharakisha mtu mwenye msiba achague maisha mapya kwa kalenda, unategemea nini? Zamu ya Tatu alichagua vizuri kwa sababu alijua mitambo tayari.

Na wengi hawakupitia dirisha lile kabisa. Marekani ilikuwa na ajira za viwandani zaidi ya milioni 17 mwaka 2000, ikabaki na kama milioni 11.5 mwaka 2010. Wachumi Autor, Dorn na Hanson walipofuatilia wilaya zilizopigwa na bidhaa za China waliona fedha za serikali ziliingia zaidi kupitia mafao ya ulemavu na ya uzeeni. TAA ilikuwa tone. Watu wa miaka 52 wenye migongo iliyochoka walikwenda kwa daktari, hawakwenda chuoni.

#9 Mama Kannapolis

Mimi niko mji wa Kannapolis, North Carolina, jina langu linasema. Nilifika hapa baadaye lakini nimeolewa kwenye familia ya mataulo na mashuka. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni ya Pillowtex ilifunga, jimbo hili likapoteza ajira zaidi ya 4,000 kwa siku moja. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Alianza kiwandani akiwa na miaka 17, hakumaliza sekondari, na wengi walikuwa hivyohivyo, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinachukua mtu mwenye mikono, cheti cha nini?

Msaada ulikuja, siwezi kusema haukuja. Chuo cha jamii cha hapa kilipokea wanafunzi waliotoka kiwandani kwa wingi. Lakini kabla ya kusomea kazi ilibidi asome cheti cha sekondari. Mama mkwe alikuwa na miaka 56. Alikuwa anaficha vitabu chini ya kiti mgeni akija.

Alikipata hicho cheti. Kimewekewa fremu sebuleni. Kazi aliyoipata baadaye ilikuwa ya kulea wazee majumbani, ambayo haikuhitaji cheti hicho. Sijui niwekeje hili kwenye mjadala wenu, nimelileta tu.

#10 Mbishi Mtaratibu

Mama Kannapolis, nimeishiwa ubishi kwa leo.

#11 Zamu ya Tatu

Umri huo ndio unanikumbusha kitu nilikiruka kule juu. Kwa waliofika miaka 50 kulikuwa na njia ya pili isiyo ya darasa: bima ya mshahara. Ukipata kazi mpya inayolipa kidogo, na haizidi dola 50,000 kwa mwaka, serikali ilikulipa nusu ya tofauti kati ya mshahara wa zamani na mpya, mwisho dola 10,000 ndani ya miaka miwili.

Mzee mmoja wa kwetu alikuwa analipwa dola 22 kwa saa, akapata kazi ya dola 16. Kwa mwaka wa saa 40 kwa wiki tofauti ni dola 12,480, nusu yake 6,240, yaani 520 kwa mwezi. Hapo dola 10,000 zinakwisha mwezi wa ishirini. Alikuwa analipia gari kwa hizo 520, na gari lilikuwa limebakiza miezi 19. Aliwahi kuniambia serikali haijawahi kumpigia hesabu nzuri namna ile, na haitarudia.

Mimi naona hii ndiyo ilikuwa sehemu yenye akili kuliko zote. Inamheshimu mtu aliyekwenda kazini haraka. Rafiki yangu wa rangi alikuwa na miaka 38. Angekuwa nayo hii, asingehitaji darasa wala msamaha wa mtu.

#12 Barua ya Njano

Wakubwa shikamooni. Mimi ndiye kijana wa picha. Kaka aliniambia nisome huku.

Nimesoma kila kitu na nimekosa usingizi. Siku yetu ya mwisho ni wiki saba zijazo. Mimi nina miaka 27, mke na mtoto mmoja. Hakuna TAA, sawa, nimeelewa. Nifanye nini basi? Naomba mniambie kama mtu asiyejua kitu, maana sijui.

#13 Dada Daftari

Marahaba mdogo wangu. Kunywa maji kwanza.

Wiki hii uliza kama kikosi cha Rapid Response cha jimbo kimepangiwa kuja kiwandani. Hawa wanapata taarifa ya WARN na kazi yao ni kuja kabla hamjatawanyika. Kama hakuna anayejua, piga simu kituo cha ajira kilicho karibu, vile vya American Job Center, uwatajie jina la kiwanda. Msisubiri mwajiri awaitie.

Mafao ya kukosa kazi uombe wiki ileile unayoacha kazi. Majimbo mengi yanatoa hadi wiki 26, lakini kuna yenye 12 tu uchumi ukiwa mzuri, North Carolina na Florida ni mfano, kwa hiyo jua la kwako kabla hujapanga bajeti.

Mafunzo bado yapo kupitia sheria ya nguvukazi ya 2014, WIOA, kwenye fungu la walioachishwa kazi. Ni finyu kuliko TAA: kila eneo lina kiwango chake cha juu cha ada, unachagua chuo kilicho kwenye orodha yao, na kwa kawaida hakuna posho. Ndiyo maana nakwambia hili na ulishike: omba mafunzo yako yatambuliwe rasmi kama mafunzo yaliyoidhinishwa. Yakitambuliwa, hutanyimwa mafao kwa sababu eti uko darasani badala ya kutafuta kazi. Watu wengi hawaulizi, halafu wanakatiwa mafao katikati ya muhula.

Omba pia ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini. Fomu itaangalia kipato cha mwaka wa nyuma ulipokuwa na kazi, kwa hiyo nenda ofisi ya misaada ya chuo na barua yako ya kuachishwa, uwaombe waangalie hali yako ya sasa. Wana mamlaka hayo.

Bima ya afya: ukiambiwa COBRA, yaani kuendelea na bima ileile ya kazini, jua unaweza kulipia hadi asilimia 102 ya gharama yote mwenyewe. Linganisha na soko la bima la serikali, una siku 60 tangu bima ya kazini ikome. Zikipita umefungiwa nje hadi dirisha la kila mwaka.

#14 Kipanga wa Laini

Na kama kuna wenzako wa wakala hapo, waambie. Usidhani wameambiwa.

#15 Zamu ya Tatu

Mdogo wangu, naongeza moja. Wizara sasa haiwezi kupokea ombi jipya wala kutoa uamuzi. Lakini Bunge limewahi kurudi nyuma: masharti yalipobanwa 2014 kukawa na pengo, na yalipofufuliwa 2015, waliokataliwa kwenye pengo lile waliangaliwa upya. Siahidi kitu, usije ukaacha kazi ukisubiri Bunge. Ninachosema ni kwamba karatasi za leo huwezi kuzitafuta miaka mitatu baadaye kiwanda kikiwa maegesho ya magari.

Tunza barua ya notisi. Tunza hundi zako za mwisho. Piga picha tangazo lolote linalosema mashine zinakwenda wapi. Andikeni ukurasa mmoja, kiwanda gani, bidhaa gani, inahamia nchi gani, kuanzia lini, msaini watatu, kila mmoja abaki na nakala na namba za wenzake. Watatu, kwa sababu ndivyo ombi lilivyokuwa linatakiwa. Na mfanye mkiwa bado mnaonana kila siku. Sisi baada ya mwezi mmoja nusu ya watu walikuwa wameshabadilisha namba za simu.

#16 Mbishi Mtaratibu

Nimerudi. Barua ya Njano, kama uko karibu na Toledo, Ohio, niandikie pembeni, tunaajiri zamu ya usiku. Si kazi ya ndoto, ila hundi haichelewi.

#17 Barua ya Njano

Asanteni sana wakubwa. Mbishi nimekuandikia.

Mrejesho: nimepiga simu kituo cha ajira, kikosi kinakuja Alhamisi ijayo, na msimamizi wetu wa zamu hakuwa anajua, ameniuliza nimejuaje. Vijana wawili wa wakala nimewaambia, mmoja alidhani namtania.

Ule ukurasa tumeuandika jana wakati wa mapumziko, mimi na dada mmoja wa ufungashaji. Saini mbili tunazo. Wa tatu anasema amesikia atakayesaini atakosa kiinua mgongo, nimemsomea post namba moja kwa sauti, amesema atanijibu Jumatatu.